Leseni Miaka Mitano, Notisi Siku Kumi na Nne



Nchi hii ina viwanda vya aina mbili. Kuna viwanda vya kukatiwa utepe na kuna viwanda vya kukatiwa notisi. Vya kwanza mnavijua, vinaonyeshwa kwenye taarifa ya habari saa mbili usiku: kiongozi ana mkasi, kwaya inaimba, vijana wamevalishwa fulana. Vya pili huvioni mpaka uvifuate huko viliko, nyuma ya nyumba za watu, bila geti wala bango, na wenyewe wanafanya kazi roho mkononi. Tuliimbiwa "Tanzania ya viwanda" wengi wetu tukiwa bado na sare za shule. Wimbo ulikuwa mtamu. Leo nataka tuzungumze kuhusu hivi vya pili, ambavyo wimbo haukuvitaja.

Hoja yangu naiweka mezani mapema, msije mkasema nimezunguka mbuyu. Kiwanda kidogo cha familia hapa nchini hakikosi kibali kwa bahati mbaya. Kinakosa kwa sababu mtu asiye na kibali ni rahisi kumtawala. Sheria isiyotekelezeka tunazoea kuiita uzembe wa serikali, lakini kwa mtu wa chini ni kamba. Na kamba ikishakuwa shingoni, aliyeishika hana haja ya kuivuta kila siku. Inatosha wewe ujue kwamba anayo.

Sasa niwaeleze nilikoipata hoja hii, maana sikuipata maktaba.

Kando ya Kikuletwa

Mwezi uliopita nilikwenda na wenzangu wawili wa tawi kwenye tambarare ya chini ya Mlima Kilimanjaro, upande wa Mto Kikuletwa. Kijiji sikitaji, wilaya siitaji, na majina ya familia nayaacha. Mkisoma mpaka mwisho mtaelewa kwa nini.

Kwa wasioujua, Kikuletwa ni mto mkubwa wa eneo lile. Unakusanya maji kutoka Meru na Kilimanjaro, unayamwaga kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, na yakitoka pale yanakuwa Mto Pangani. Njiani yanazungusha mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu, Hale na Pangani mpaka yanafika baharini. Kwa hiyo ukiwasha taa, kuna uwezekano sehemu ya mwanga huo ilipita mbele ya watu ninaowasimulia. Wao wenyewe wanautumia mto kwa mambo madogo zaidi: wanavua perege na kambale, wananywesha mifugo, wanamwagilia migomba.

Kiwanda chenyewe ni nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, na banda la bati nyuma. Mama mwenye nyumba ana miaka 54. Amepika mbege tangu akiwa binti, alifundishwa na mama yake aliyefundishwa na mama yake. Mzee ni fundi bomba mstaafu. Binti yao mkubwa alisomea mambo ya usindikaji wa vyakula ngazi ya diploma, akazunguka na vyeti mjini miaka miwili bila ajira, akarudi nyumbani na wazo: mbege ibaki, lakini tuongeze mvinyo wa ndizi na wa rozela, tuweke kwenye chupa, tuuze mpaka Moshi mjini na Arusha. Kaka yake ndiye anayesambaza kwa bodaboda. Wameajiri kina mama wanne wa kumenya ndizi, siku za kupika wanafika saba.

"Shikamoo mama," nikamsalimia.

"Marahaba mwanangu. Karibuni. Ila kama mmetoka halmashauri semeni mapema, nisije nikawapa viti vya wageni."

Tulicheka sote, lakini ile siyo sentensi ya kuchekesha. Ni ya mtu aliyezoea kwamba anayekuja na daftari hajaja kwa heri.

Mimi pombe situmii, nilelewe nilivyolelewa. Lakini nilikaa pale saa tano nikiangalia kazi, na nasema bila kumung'unya maneno: ile ni kazi ya kitaalamu. Mbege inataka ndizi mbivu zimenywe, zichemshwe masaa mpaka zigeuke rangi kuwa nyekundu, ziachwe zichache siku kadhaa, zichujwe. Upande wa pili ulezi unaoteshwa, unaanikwa, unasagwa, unapikwa uji na magome ya msesewe ili upate ule uchungu wake. Ndipo vinachanganywa. Ukikosea siku moja umeharibu mapipa yote.

Kwenye mvinyo ndiyo kabisa. Kila pipa lina mpira mwembamba unaotoka kwenye mfuniko na kuzama ndani ya chupa ya maji, ili hewa ya uchachu itoke na hewa ya nje isiingie. Binti ana haidromita ya kupimia sukari kabla na baada, ili ajue kilevi kimefika kiasi gani. Ana daftari: tarehe, kilo za ndizi, sukari, hamira, joto la chumba asubuhi na jioni, nani aliosha pipa. Miaka mitano ya daftari! Nimefanya mazoezi ya kazi kwenye ofisi ambazo hazina kumbukumbu za wiki iliyopita.

Jioni wavuvi wanapandisha kutoka mtoni. Wanaleta samaki, kina mama wanakaanga pale nje, wateja wa mbege wananunua samaki, hela ya samaki inanunua ndizi, hela ya ndizi inalipa ada. Mnaona? Ukikifunga kile kiwanda hujafunga pombe tu. Umefunga soko la perege, umefunga jiko la kina mama wa kukaanga, umefunga shamba la ndizi la jirani.

Mduara

Baada ya chakula mzee akaingia chumbani, akatoka na begi la shule la mjukuu wake. Limejaa makaratasi. "Mwanangu, wewe si unasoma sheria? Hebu nisomee hizi."

Nikasoma. Karatasi ya kwanza ni ya mwaka 2019. Familia ilianza kutafuta leseni mwaka huo, na mpaka leo hii haijapata.

Hebu tuelewane kwanza sheria inataka nini. Ukitaka kutengeneza mvinyo na pombe halali Tanzania, unahitaji usajili wa BRELA, namba ya mlipakodi na usajili wa ushuru wa bidhaa TRA, alama ya ubora ya TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo imebeba pia kazi ya vyakula iliyokuwa TFDA, kisha leseni ya biashara, kisha leseni ya vileo chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Sheria hiyo ni kubwa kwa umri kuliko mama mwenye kiwanda. Ongeza usalama mahali pa kazi, zimamoto, mazingira, afya za wafanyakazi. Na chupa zikishakuwa tayari, zinahitaji stempu za kielektroniki za kodi.

Sipingi hata kimoja kwa peke yake. Chakula kipimwe, kodi ilipwe, moto uzuiwe. Tatizo ni vinavyofungana. Ukipanga barua za yule mzee kwa tarehe, zinasema hivi: ofisi ya kwanza ilimtaka alete kwanza cheti cha ubora. Ofisi ya pili ikasema cheti hakitoki mpaka jengo likaguliwe kwa ramani iliyopitishwa. Ofisi ya tatu ikasema ramani haipitishwi kwa sababu kiwanja hakijapimwa kwa matumizi ya kiwanda. Ofisi ya nne ikasema ardhi ni ya kijiji, yenye hati ya kimila, kwa hiyo kubadili matumizi alete uthibitisho kwamba biashara ni halali, yaani leseni. Na leseni inataka cheti cha ubora. Tumerudi pale pale.

Mzee amezunguka mduara huo mara tatu. Nauli, nakala, picha za pasipoti, "rudi Jumanne", "bosi yuko semina". Miaka mitano.

Na msiniambie serikali haijui. Mwaka 2018 serikali yenyewe ilitoa mpango wa kurekebisha mazingira ya biashara, ule uliojulikana kama Blueprint, na humo ikakiri kwamba utitiri wa mamlaka, tozo na vibali vinavyoingiliana ni mzigo kwa wafanyabiashara. Ugonjwa waliuandika wao. Dawa waliiandika wao. Mgonjwa ndiye bado yuko foleni.

Serikali hiyo hiyo ikitaka kuwa na kasi inaweza. Mnakumbuka viroba? Tangazo la katazo lilitoka Februari 2017, Machi mosi vikawa haramu nchi nzima. Wiki chache tu. Kwa hiyo mkono wa kuzuia ni mwepesi, mkono wa kuruhusu ndio umepooza. Huo siyo ugonjwa wa mwili mzima, jamani. Ni uchaguzi.

Haramu inayolipa ushuru

Sasa njooni kwenye kichekesho. Ndani ya lile begi kuna kitambulisho cha mjasiriamali mdogo, vile vilivyoanza kugawiwa Desemba 2018 kwa shilingi 20,000. Mama alikinunua kwa imani kwamba sasa anatambulika. Chini yake kuna bunda la stakabadhi za mashine ya kukusanyia mapato. Kila wiki anatozwa. Nikauliza, stakabadhi zinasema ni malipo ya nini? Zimeandikwa "mapato mengineyo".

Mengineyo! Yaani kiwanda hakina jina la kuandikwa kwenye leseni, lakini hela yake ina mahali pa kukaa kwenye mashine.

Ibara ya 138 ya Katiba inasema hakuna kodi ya aina yoyote itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliowekewa nguvu na sheria hiyo. Basi tuulizane kwa utaratibu. Kama shughuli ni haramu, kwa sheria gani unachukua ushuru wake kila wiki? Na kama unachukua ushuru wake kwa sababu ni shughuli inayoruhusiwa, leseni iko wapi? Wenzangu wa darasani mtaniambia kwamba kupokea ushuru hakuhalalishi kilichokatazwa na sheria ya Bunge. Sawa, nakubali, mtihani tutafaulu. Lakini mwananchi haishi kwenye mtihani. Anaona serikali inakula naye mezani mchana, usiku inamwita mwizi.

Kuna nafuu pia za kwenye makaratasi. Sheria ya ushuru wa bidhaa inatoza kiwango cha chini mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za ndani kwa zaidi ya asilimia 75. Ni jambo jema kwa wakulima wa Dodoma, nalipongeza. Lakini nafuu ya kodi ni ya mtu aliyeingia ndani ya nyumba. Hawa wako nje ya mlango, na mlango umefungwa kwa ndani.

Nawaza pia kuhusu Chibuku. Ni pombe nzito ya nafaka, ndugu wa damu wa pombe za bibi zetu. Ikitoka kwa kampuni ndani ya boksi inaitwa bidhaa. Ikitoka kwa mama ndani ya pipa inaitwa tatizo. Na msiseme ndizi haiwezi kuwa biashara halali: Arusha iko kampuni ya Kitanzania, Banana Investments, iliyoanza miaka ya 1990 na kuufanya mvinyo wa ndizi kuwa kitu cha dukani. Inawezekana. Swali ni kwa nini anayefuata nyuma anakuta ngazi imevutwa juu.

Kazi: mtengeneza mvinyo

Sasa nafika kwenye sababu ya kuficha majina.

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 mnaukumbuka. Mnakumbuka namna wagombea wa upinzani walivyoenguliwa. Wengi mlizisoma habari hizo kama takwimu. Mimi nimekaa na mmoja, ananimiminia chai.

Ni yule kaka wa bodaboda. Alichukua fomu ya kugombea uenyekiti wa kitongoji kwa tiketi ya chama chetu. Moja ya sifa za mgombea ni kuwa na shughuli halali ya kumwezesha kuishi. Penye kazi akaandika kwa fahari: mtengeneza mvinyo. Akawekewa pingamizi. Sababu? Kwamba shughuli hiyo haina leseni, kwa hiyo siyo halali, kwa hiyo mgombea hana kipato halali, kwa hiyo hana sifa. Akakata rufaa, rufaa ikakataliwa. Kitongoji kikapata mwenyekiti aliyepita bila kupingwa.

Someni hiyo aya tena, taratibu. Serikali inakunyima leseni miaka mitano. Halafu inatumia kukosa leseni kukunyima haki ya kugombea. Kesho ukilalamika kuhusu leseni, unalalamika kwa mtu aliyepita bila kupingwa kwa sababu huna leseni. Nilijifunza mantiki mwaka wa kwanza, lakini mduara mzuri kama huu sikuwahi kuuona kwenye kitabu.

Na mwezi wa kwanza mwaka huu ikaja barua nyingine. Notisi. Siku kumi na nne kusitisha shughuli na kuondoa majengo, kwa kuwa yako ndani ya mita 60 kutoka mtoni.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana mimi nasoma sheria na sitaki kusema nisichoweza kukithibitisha. Sisemi notisi ilitoka kwa sababu ya fomu. Ushahidi wa hilo sina. Ninachosema ni kwamba hakuna anayehitaji kuuthibitisha ili woga ufanye kazi. Jirani zao wote wameshaunganisha nukta. Mpika pombe wa kitongoji cha pili, ambaye naye hana leseni, sasa hivi ana bendera ya kijani mlangoni. Nilimuuliza kama ni mwanachama. Akanijibu, "Binti, hii siyo bendera. Hii ni leseni."

Hapo ndipo nilipoipata hoja ya makala hii. Yule mama ameieleza sayansi ya siasa ya nchi hii kwa sentensi mbili.

Mita sitini

Kuhusu mita 60 nataka tuwe wakweli kuliko wao. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu, au zile zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au bahari. Kifungu hiki nakiunga mkono kwa mikono miwili. Mto ukifa, perege anakufa, na kiwanda nacho kinakufa.

Kwa hiyo tukapima. Tuliazima futi kamba ya fundi, tukaanzia kwenye ukingo, mashahidi wakiwa wavuvi wanne. Banda la mapipa liko mita 74. Nyumba iko mbali zaidi. Kilicho ndani ya mita 60 ni sakafu ndogo ya saruji ya kuoshea vyombo, iko mita 41. Ile lazima ihame, na niliwaambia hivyo wenyewe usoni. Mzee hakubisha: "Hiyo ni kazi ya siku mbili, mwanangu. Wangeniambia, ningeivunja mwenyewe." Maji ya kuoshea yanaingia kwenye shimo, makapi ya ndizi wanakula nguruwe na ng'ombe. Mvuvi mmoja mzee aliyekuwa anatusaidia kushika kamba akasema, "Samaki wanapungua kweli. Lakini katika maisha yangu sijawahi kutoa perege aliyelewa."

Notisi haikuambatanishwa na ramani. Haikutaja jengo gani liko mita ngapi. Haikusema nani alikagua na lini. Na hakuna aliyeitwa kusikilizwa. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine. Mahakama ya Rufani katika kesi ya Mbeya-Rukwa Autoparts dhidi ya Jestina Mwakyoma, mwaka 2003, ilishasema kwamba haki ya kusikilizwa siyo kanuni tu tuliyorithi kwa Waingereza, ni haki ya kikatiba. Kesi hiyo kila mwanafunzi wa sheria anaikariri. Ofisa aliyesaini notisi ana mwanasheria jengo hilo hilo. Wangeweza kupanda ngazi wakamuuliza.

"Mnatetea ulevi?"

Najua maswali yanakuja, hasa kutoka kwa ndugu zangu wa msikitini na kanisani, na nawaheshimu.

La kwanza: mnatetea ulevi? Hapana. Vijana wetu wanaangamia kwa pombe, nimezika rafiki. Lakini viroba vilivyowamaliza vijana havikutoka kwenye kibuyu cha bibi. Vilitoka viwandani, vingi vikiwa na vibali. Anayetaka kupunguza ulevi azungumze saa za kuuza, umri wa kuuziwa, matangazo, ajira. Kumfunga mpikaji mmoja mwenye daftari kunawapeleka wateja wake kwa mpikaji asiye na daftari.

La pili: pombe za kienyeji zina sumu. Tutofautishe. Gongo, ambayo sheria ya mwaka 1966 inaiita "moshi" na kule kwetu wanaiita piwa, ni pombe ya kukenekwa, na ikitengenezwa ovyo inaua na kupofusha. Mbege na mvinyo wa ndizi vinachachushwa, havikenekwi. Ni vitu viwili. Na hata penye shaka, jibu la shaka ni kipimo. Wachukue chupa, wapime, walete majibu. Binti anaomba kupimwa tangu 2019! Nchi gani hii ambayo raia anaiomba serikali imkague na serikali inakataa, kisha inamshtaki kwa kutokukaguliwa?

La tatu: sheria ni sheria. Kweli. Na ibara ya 13(1) ya Katiba inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Sheria inayomfikia aliyeandika jina la chama chetu kwenye fomu na kumruka mwenye bendera mlangoni, hiyo bado ni sheria, au ni rungu?

Tunachotaka

Chama kikiingia madarakani, na hata kabla ya hapo, sisi vijana tusimamie haya:

Moja, leseni moja ya mzalishaji mdogo wa vileo vya asili na mvinyo wa matunda, inayotolewa wilayani, dirisha moja, siku thelathini. Ofisi zizungukane zenyewe kwa zenyewe, siyo mzee na begi la mjukuu. Siku thelathini zikipita kimya, mwombaji apate kibali cha muda.

Mbili, ukaguzi wa kufundisha kabla ya ukaguzi wa kufunga. Sampuli zipimwe mkoani, majibu yaje na maelekezo, arudi apimwe tena.

Tatu, pasiwe na notisi ya kubomoa au kusitisha bila ramani, taarifa ya ukaguzi na kikao cha kumsikiliza mhusika.

Nne, kanuni za uchaguzi ziseme waziwazi kwamba kukosa leseni ya biashara hakumwondolei mtu sifa ya kugombea. Mwenye kusema kazi ya mgombea ni haramu alete hukumu ya mahakama.

Tano, Katiba Mpya. Msichoke kuisikia. Rasimu ya Warioba ya mwaka 2013 bado imelala, na kila tunapoambiwa wananchi hawali katiba, mimi namkumbuka mtu anayeila kila wiki kwa jina la "mapato mengineyo".

Kazi ya wiki hii

Kulalamika kwenye simu hakutoshi, makamanda. Kila tawi litafute viwanda vidogo vitano vya eneo lake: mvinyo, pombe, sabuni, mafuta ya alizeti, unga, chochote. Andikeni vibali walivyoomba, tarehe, majibu. Pigeni picha stakabadhi, hasa zile za "mengineyo". Majina yabaki kwenu mpaka wenyewe waseme. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Nendeni, kaeni mbele, ulizeni mapato na matumizi, ulizeni "mengineyo" yamekwenda wapi. Hilo halihitaji kibali cha polisi. Na sisi wa sheria tuliotawanyika vyuoni, barua ya kujibu notisi ni kurasa mbili tu. Tuache kusubiri mpaka tuwe mawakili ndipo tuwe na faida.

Ya familia ya Kikuletwa tumeshaiandika. Inaomba vitu vitatu: ramani, taarifa ya ukaguzi, na tarehe ya kusikilizwa. Imepokelewa, nakala yetu imegongwa muhuri. Sakafu ya kuoshea vyombo mzee ameshaivunja na kuijenga upya mita 80, ametuma picha. Siku kumi na nne zimepita na mapipa bado yanachemka. Mpaka naandika hapa, jibu halijaja. Likija nitaliweka hapa hapa, likiwa zuri au baya, na kama ni baya tutaonana mahakamani.

Mwandishi ni mwanafunzi wa shahada ya sheria mwaka wa tatu na mwanachama wa jumuiya ya vijana ya chama.